Mimea ya ndani kwenye nyumba yenye paka, mbwa na kuku: mwongozo kwa wakazi wa Kigoma

Paka mzima huruka mita moja na nusu kwenda juu bila kuhangaika, na akipata kiti, kabati au pazia la kupandia, hakuna rafu katika nyumba zetu asiyoifikia. Ndiyo maana ule ushauri wa kila siku kwamba mmea wenye sumu uwekwe juu unamfaa mbwa tu. Kwa paka, kinga ni aina ya mmea yenyewe: uwe ule ambao hata akiutafuna hautamdhuru. Kwa hiyo tutaanza na kutoa vya hatari, kisha kuchagua vya kubaki, halafu ndipo tufike kwenye dirisha, chungu, maji na mbolea.

Maelezo yamezingatia hali ya Kigoma mjini na Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili au Mei. Msomaji wa Tabora, aliye juu zaidi na kwenye hewa kavu zaidi, atafuata hatua zilezile isipokuwa pale ambapo tofauti imetajwa.

Toa vya hatari kabla hujanunua kipya

Zunguka sebule, varanda na mbele ya nyumba ukiwa na daftari, uandike kila mmea na mahali ulipo. Usisahau chupa za maua ya kukatwa na vikopo vya dirishani jikoni.

Usipime sumu kwa utomvu. Wengi huvunja jani: ukitoka utomvu mweupe, wanasema ni sumu, yakitoka maji matupu, wanasema salama. Kipimo hiki kinadanganya pande zote mbili. Difenbakia, lile ua la majani mapana ya kijani yenye mabaka meupe, linatoa maji matupu, lakini ndani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti zilizochongoka kama sindano. Mnyama akiuma, sindano hizo humchoma ulimi, ufizi na koo, mate yakamwagika papo hapo na mdomo ukavimba. Kwa upande mwingine, mfenesi unatoa utomvu mweupe mzito, na bado mbuzi wanakula majani yake.

Kwa mbwa, wa kuogopwa kuliko yote ni mtapo. Unauzwa kama mnazi mdogo wa mapambo, na watu huupanda mbele ya nyumba au kwenye chungu kikubwa cha varandani. Sehemu zake zote zina sumu, mbegu zaidi. Mbegu moja au mbili zinatosha kumuua mbwa kwa sababu sumu yake hushambulia ini. Utautofautisha hivi na areka, ambayo ni salama. Shika jani. La mtapo ni gumu, linang'aa, na ncha ya kila ujani inachoma kidole. Shina lake ni fupi na nene, lina magamba kama nanasi. Areka ina majani laini yanayopinda ukiyasukuma, na vishina vingi vyembamba vya rangi ya manjano vyenye pete kama za muwa. Muuzaji akisema yote ni jamii moja, usikubali: mtapo si mnazi wala si mchikichi.

Kwa paka, baya kuliko yote ni yungiyungi la kwenye mashada ya harusi na sendofu, lenye maua makubwa ya tarumbeta na chavua ya rangi ya kahawia iliyoiva inayochafua nguo (si lile la majini). Paka akilamba chavua iliyomwangukia kwenye manyoya, au akinywa maji ya chupa ya maua hayo, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Hakuna namna salama ya kuliweka ndani ya nyumba yenye paka. Shada likija, toa mayungiyungi mlangoni, kabla hayajaingia sebuleni.

Kuna kundi la mimea inayogusa moyo: oleanda, kile kichaka cha majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, kalanchoe, yenye majani manene na vishada vya maua madogo, na adeniamu, lile ua la waridi lenye shina lililovimba kama kibuyu. Hii isiwepo ndani wala kibarazani. Kundi la sindano, pamoja na difenbakia, lina mani planti, filodendroni, monstera, kaladio, anthurio, na zamiokulkasi yenye vijani vinono vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Hizi huumiza sana, lakini ni nadra kuua. Chini yake kuna shubiri, sansevieria na masale, ambazo huleta kutapika na kuharisha. Shubiri tunaithamini kama dawa, na ndiyo sababu watu hawaamini kwamba inawadhuru wanyama wao. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio unaoharisha. Ihamishie nyuma ya uzio.

Jikoni, angalia vitunguu. Vitunguu majani na kitunguu saumu vinavyooteshwa kwenye vikopo huvunja chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, na kiasi kinachomdhuru paka ni kidogo kuliko kile kinachomdhuru mbwa. Kokwa la parachichi linaloota kwenye glasi ya maji ni pambo zuri, lakini majani yake ni sumu kwa kuku, kasuku, sungura na mbuzi. Na kama uani kuna mbarika, ung'oe pamoja na mbegu zilizodondoka.

Mimea unayoitoa, mpe mtu asiyefuga. Usiitupe jalalani, mbuzi na kuku wa jirani wanapekua huko. Ile isiyochukuliwa ichimbie shimo la futi mbili uifukie. Oleanda usiichome moto kabisa, moshi wake nao ni sumu.

Mimea ya kubaki nayo

Kwa anayeanza, mitatu inatosha mwaka wa kwanza: klorofito, kangaga na peperomia.

Klorofito ni ule mmea wa majani marefu membamba ya kijani yenye mstari mweupe katikati, unaotoa kamba zinazoning'inia na vitoto mwishoni. Asili yake ni Afrika, unavumilia usahaulifu wa maji, na kitoto kimoja kikifukiwa kidogo kwenye udongo hutoa mizizi ndani ya wiki mbili au tatu. Paka wanaupenda mno, na wakila majani mengi watatapika nyuzi tupu. Hiyo si sumu.

Kangaga la ndani, lenye majani yaliyochanika pande zote kama unyoya, linafaa Kigoma kwa sababu ya unyevu wa ziwani. Usilichanganye na lile la uongo linalowekwa kwenye mashada ya maua, lenye majani membamba kama nywele na miiba midogo kwenye shina; hilo ni asparagasi, na matunda yake yanadhuru. Peperomia ina majani manene madogo, haikui haraka, na inatosha kwenye kopo la lita mbili.

Ukishazoea, ongeza areka kwa kona yenye mwanga, kalathea au maranta kwa chumba chenye kivuli, haworthia kwa anayetamani umbo la shubiri bila madhara yake, na mrehani kwa dirisha la jikoni. Sentipaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ni la kwetu: limetoka milima ya Usambara, likaelezwa kisayansi na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani mwaka 1893, na sasa linauzwa dunia nzima. Ni salama kwa paka na mbwa. Linamwagiliwa kwa chini, kwenye kisahani, kwa kuwa maji yakikaa juu ya majani yake huacha madoa.

Mche wa mchikichi hauna sumu, lakini unahitaji jua kamili, na vikonyo vyake huota miiba mikali. Uache shambani.

Jua linapita wapi nyumbani kwako

Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Aprili na Septemba limeegemea kaskazini, na kati ya Oktoba mwishoni na Februari limeegemea kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini linalopendeza Julai litakuwa na kivuli Desemba, na mmea utaanza kupoteza majani bila wewe kujua umekosea wapi. Dirisha la mashariki ndilo bora mwaka mzima. La magharibi huunguza majani Septemba na Oktoba. Sogeza chungu mita moja ndani au weka pazia jepesi.

Pima hivi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na ukingo unaoonekana wazi, mwanga ni mkali: areka na mrehani. Kikiwa kimefifia lakini vidole vinahesabika, ni wa kati: klorofito, peperomia, kangaga, sentipaulia. Ukiona giza tu lisilo na umbo, hapo ni kalathea, na hata yeye kwa shida. Wavu wa mbu uliojaa vumbi hula mwanga mwingi. Uoshe kila mwezi wakati wa kiangazi. Tabora, kila wiki mbili.

Dirisha lenye mwanga mzuri ndilo dirisha la paka. Analala hapo, anatazama ndege hapo, na chungu utakachoweka mahali pake atakisukuma hadi kianguke. Hana uadui na mmea, anadai nafasi yake. Mwachie sentimita 40 za kizingiti upande mmoja, mimea ikae upande mwingine, na vyungu vingi vitapona kwa hatua hiyo peke yake.

Udongo na chungu

Mchanganyiko unaotosha vyungu vitatu vya kipenyo cha sentimita 20: sado mbili za udongo wa juu wenye rangi nyeusi, sado moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza miezi mitatu au zaidi, na sado moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Pumba zinapatikana kwenye mashine za kukoboa. Kwa areka, badili nusu ya pumba kwa maganda ya mise, yale magumu yanayobaki baada ya kubangua mbegu ya chikichi. Yaoshe kwa maji ya moto na kuyaanika wiki nzima kwanza, kwa sababu mafuta yaliyobaki huita sisimizi na humfanya mbwa afukue. Tabora, ambako udongo wa maeneo mengi ni wa kichanga, ongeza samadi iwe sado moja na nusu.

Samadi mbichi ya kuku usiitumie ndani. Inaunguza mizizi, na mbwa wanaila.

1. Chukua chungu au ndoo, utoboe matundu matano chini kwa msumari wa inchi sita uliopashwa moto. Kila tundu liwe na upana wa penseli.
2. Funika matundu kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Usiweke kokoto chini. Watu wanaamini zinasaidia maji kutoka, kumbe maji husimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inaoza mapema zaidi.
3. Jaza udongo nusu, weka mmea, jaza hadi ibaki sentimita nne kutoka ukingoni. Shindilia kwa vidole, si kwa ngumi.
4. Kata duara la wavu wa kuku, upasue upande mmoja hadi katikati, acha tundu la sentimita nane kwa ajili ya shina. Kunja ncha zote zielekee chini.
5. Laza wavu juu ya udongo, ongeza udongo sentimita mbili juu yake.
6. Panga mawe ya ukubwa wa yai la kuku juu, yakae karibu karibu. Acha upenyo mmoja wa kuingiza kidole.

Wavu na mawe vina kazi mbili. Paka huchagua udongo mkavu uliolegea kwa ajili ya haja, na kuku huparua popote kucha zinapozama. Ukiwa na mbwa mdogo, mawe yawe makubwa kuliko kinywa chake, kwani watoto wa mbwa humeza kokoto na zikaziba utumbo. Na usimwachie paka tatizo bila jawabu: mwekee beseni la mchanga wenye kina cha sentimita kumi mahali pasipo na pilikapilika, uchote kinyesi kila siku. Kinyesi cha paka kilichokaa zaidi ya siku moja kinaweza kuambukiza toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asiguse chungu kilichochezewa na paka bila glavu.

Kupanga

Chungu cha sakafuni kwenye nyumba yenye mbwa mkubwa kiwe kizito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufikia kilo 20 na zaidi, na mbwa akikipiga mkia hakianguki. Kopo la lita nne kwenye stuli ya sentimita 50 liko mahali hasa mkia unapopita. Litakuwa chini kabla ya wiki kwisha.

Kuning'iniza kunafaa kwa klorofito na kangaga. Chungu cha sentimita 20 kikilowa kina kilo sita hadi saba. Ndoano ifungwe kwenye mbao, skrubu ikiingia walau sentimita nne. Silingibodi peke yake haibebi. Gonga dari kwa mpini wa bisibisi: panapolia wazi hakuna mbao, panapolia zito ipo. Kabla ya kupandisha mmea, ning'iniza ndoo yenye lita 15 za maji kwa saa nzima. Isipotikisika, pandisha.

Acha angalau mita moja na nusu kati ya chungu kinachoning'inia na kiti, kabati au friji. Kamba za klorofito zinazocheza kwenye upepo humwita paka mchanga kama mkia wa panya, hivyo kata zile zilizoshuka chini ya kifua cha mtu mzima na uzipande kwingine. Epuka pia njia ya upepo wa feni na upande wa jiko la mkaa.

Mbwa dume hukojolea chungu kipya ili kukitia alama. Utaona majani ya chini yakikauka kingo upande mmoja tu. Kiinue juu ya matofali hadi sentimita 60, kisha mimina maji safi polepole, mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini, uoshe chumvi.

Kuku akizoea kuingia sebuleni, mlango ndio dawa. Hakuna mpangilio wa vyungu unaomshinda kuku mwenye njaa.

Otesha majani ya paka wenyewe

Paka anataka majani. Akiwa na yake, ataacha mengi ya yako. Tumia ngano nzima ya kula kutoka sokoni. Usitumie mbegu za dukani zilizopakwa rangi ya pinki au kijani, hiyo ni dawa. Usitumie mtama pia: machipukizi machanga ya mtama yana sianidi, ndiyo yanayoua ng'ombe na mbuzi wanaovamia shamba changa.

Loweka vijiko vinne vya chakula vya ngano usiku kucha. Asubuhi chuja, tandaza kwenye kopo pana lenye udongo wa sentimita tano na matundu chini, funika kwa udongo wa unene wa nusu kidole. Lowesha bila kufurika. Yatachipua siku ya pili au ya tatu, na siku ya nane hadi ya kumi yatakuwa na sentimita kumi. Mpe hapo, weka kopo sakafuni karibu na dirisha lake. Baada ya wiki mbili yataanza kulala na kuwa manjano, kwa hiyo otesha kopo la pili wiki moja baada ya la kwanza ili asikose. Ukiona ukungu mweupe kwenye mbegu, umemwagilia kupita kiasi. Tupa lote uanze upya.

Maji na mbolea

Ingiza kidole sentimita tatu. Udongo ukiwa mkavu hapo, mwagilia. Ukiwa na unyevu, acha. Chungu cha sentimita 20 hunywa nusu lita hadi robo tatu, hadi maji yaanze kutoka chini. Klorofito Septemba na Oktoba itahitaji mara mbili kwa wiki; Juni na Julai, mara moja kwa siku nane hadi kumi. Kangaga lisikauke kabisa. Peperomia na haworthia zikae kavu siku kadhaa kabla ya kumwagiliwa tena.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) ni karibu 9. Ukimwagilia hayo tu kwa miezi mingi, udongo unashika tabia hiyo na mmea unashindwa kunyonya chuma hata kama kimo. Dalili huonekana kwenye majani machanga: yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kalathea na sentipaulia huumwa kwanza. Dawa yake ni maji ya mvua. Kinga kwenye jaba lenye mfuniko kuanzia mvua ya pili au ya tatu, baada ya bati kuoshwa, na uyatumie kwa mimea hiyo hasa kiangazi. Majani ya zamani yakiwa manjano na kulegea, huo si ugonjwa wa maji ya ziwa, ni mizizi kuoza kwa maji mengi: toa mmea, kata mizizi ya kahawia inayoteleza, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi, usimwagilie siku tatu.

Tabora tatizo kubwa ni ncha za majani kukauka kwa hewa kavu na vumbi. Kusanya vyungu pamoja, futa majani kwa kitambaa chenye maji kila wiki.

Mwaga maji ya visahani nusu saa baada ya kumwagilia. Mbu wanazaliana humo, na paka na mbwa wanakunywa humo, pamoja na mbolea yake.

Kwa mbolea, NPK 17-17-17 gramu moja kwa lita moja ya maji (kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita tano hivi), mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, na usiweke kabisa Juni hadi Agosti. Punje zisionekane juu ya udongo, ziyeyushe zote. Mifuko ifungiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, hasa urea, kwa sababu mbuzi akiilamba kidogo tu anaweza kufa.

Hapa kwetu kuna desturi ya kumwagilia maua kwa maji yaliyooshea dagaa, au kufukia vichwa vya migebuka chini ya mche. Shambani ni mbolea nzuri. Ndani ya nyumba yenye paka ni kumwonyesha pa kuchimba: usiku huohuo chungu kitapinduliwa, na hata ukibadilisha udongo wa juu atarudi kwa harufu iliyobaki chini. Unga wa mifupa na damu huita mbwa vilevile. Ikiwa umekwisha kuweka, badili udongo wote.

Wadudu, na dawa zisizofaa ndani

Vidukari, vidung'ata na utitiri hutoka kwa sabuni. Kwangua gramu kumi za sabuni ya kipande isiyo na manukato, yeyusha kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, jaribu kwenye jani moja kwanza, kesho yake nyunyiza chini na juu ya majani jioni. Suuza baada ya saa moja. Rudia kila siku ya tano mara tatu, kwa kuwa mayai hayafi kwa mpigo mmoja. Mnyama akae chumba kingine hadi majani yakauke.

Maji ya tumbaku yaliyolowekwa, yanayotumiwa sana Tabora na Kasulu, yasiingie ndani. Nikotini hufyonzwa kwa ngozi na kwa ulimi, na paka anayejilamba baada ya kupita kwenye majani yaliyonyunyizwa anaipata yote. Soma pia lebo za dawa za kupuliza na za unga: zenye permethrini humuua paka hata kama zinatumika kwa mbwa bila shida, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja.

Mnyama akila asichopaswa

Toa mabaki kinywani kwa kidole au kitambaa, suuza kwa maji ya kutiririka pembeni mwa mdomo. Chavua ikiwa kwenye manyoya, ifute kwa kitambaa chenye maji kabla hajailamba, kisha mwogeshe.

Usimtapishe kwa chumvi. Chumvi nyingi ni sumu nyingine. Usimnyweshe mawese wala mafuta yoyote kwa nguvu, kama wengi wanavyofanya, kwa maana huingia mapafuni na kuleta nimonia. Kwa kundi la sindano pekee, na akiwa anameza vizuri, vijiko viwili vya maziwa au mtindi hupunguza mchomo, na mara nyingi uvimbe hushuka ndani ya siku moja. Ukiona anavuta pumzi kwa shida, usisubiri.

Mpigie daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata mara moja, umwambie ni mmea gani, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wa mnyama. Namba zao ziandike leo nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na orodha ya mimea uliyoiandika kwenye daftari. Beba tawi la mmea kwenye mfuko, na kama ametapika, beba na matapishi.

Kwa mtapo na yungiyungi, nenda hata kama mnyama anaonekana mzima. Paka aliyekula yungiyungi hutapika saa chache za mwanzo, kisha hutulia, akaonekana amepona, na wakati huo ndio figo zinakufa. Dripu inayoanza ndani ya saa 18 inaweza kumwokoa. Baadaye nafasi hupungua haraka. Mbwa wa mtapo huonekana mgonjwa wa tumbo siku ya kwanza, na manjano ya macho na ufizi hutokea siku ya pili au ya tatu. Oleanda, kalanchoe na adeniamu hulegeza mwili na kuvuruga mapigo ya moyo. Weka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne, umtajie daktari namba hiyo kwenye simu.